Wiki ya saba na mzani umegoma

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 38, naishi Tanga, urefu wangu ni sentimita 162. Wiki saba zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa slivu, ule wa kupunguza tumbo ili uzito ushuke, huko India. Siku ya kuingia chumba cha upasuaji nilikuwa na kilo 118. Wiki mbili kabla, nilipoanzishiwa dayati ya vitu vya majimaji, nilikuwa na 124. Leo nina 108.6 na namba hiyo haijasogea siku kumi na mbili. Nakula vijiko vitatu vinne nashiba, kisha nashushia na uji wa lishe, nao naendelea kuunywa mpaka jioni, vikombe vitatu hivi, maana mama mkwe anasema mtu aliyepigwa kisu lazima anywe uji. Kaka mmoja tuliyesafiri naye alikuwa na kilo 160 siku ya kwanza ya dayati, akafanyiwa baipasi, ule upasuaji wa kuunganisha tumbo dogo moja kwa moja na utumbo, na ameshapungua kilo 20. Mimi niliweka akiba miaka sita na nilitaka nifike 65 kabla ya harusi ya mdogo wangu Desemba. Je, tumbo limetanuka? Upasuaji umefeli? Dawa ninazotumia ni sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na diklofenaki magoti yakinibana. Pia nina funga za kulipa, nianze lini? Mama S.

JIBU: Marahaba, Mama S. Tumbo halijatanuka na upasuaji haujafeli. Natanguliza hayo ili mengine uyasome ukiwa umeshusha pumzi.

Mtaani watakuambia "umekata utumbo". Utumbo wako haukuguswa. Kilichokatwa ni mfuko wa chakula: robo tatu yake au zaidi kidogo, hadi asilimia 80, imetolewa, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi uliofungwa kwa pini ndogo za chuma. Wiki ya saba mrija huo bado unamalizia kupona. Kama ungekuwa na tatizo la ukubwa kwa sasa, lingekuwa la kubana, si la kutanuka. Sehemu iliyotolewa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi grelini, homoni inayoita njaa. Ndiyo maana vijiko vitatu vinne vinakutosha.

Halafu hesabu. Wewe umeanzia kilo 118, ukaona umepungua 9.4, ukajilinganisha na mtu aliyeanzia siku ya dayati. Anzia na wewe huko huko: kutoka 124 hadi 108.6 ni kilo 15.4, sawa na asilimia 12.4 ya uzito wako. Yeye kilo 20 kati ya 160 ni asilimia 12.5. Mmekwenda bega kwa bega, tena yeye ni mwanaume mwenye misuli mingi zaidi na amefanyiwa baipasi, ambayo kwa wastani hupunguza zaidi kidogo kuliko slivu. Lori na bajaji haziunguzi mafuta sawa hata zikienda safari moja. Na zile kilo sita za mwanzo usizidharau: dayati ile iliwekwa ili ini linywee, kwa sababu ini hulala juu ya tumbo, na likiwa limejaa mafuta daktari hapati nafasi ya kupitisha vyombo vyake. Ulizitoa wewe kwa njaa yako, kwa nini umpe zawadi mzani?

Sasa hizo siku kumi na mbili. Ini na misuli huweka akiba ya wanga inayoitwa glaikojeni, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu yake hushika gramu tatu hivi za maji. Unapokula kidogo ghafla, akiba hiyo ndiyo hutumika kwanza, na maji yake yanatoka kwa mkojo. Kilo mbili zinaweza kuondoka hivyo kwa siku chache, na mwenye mzani anapiga vigelegele kwa ajili ya maji. Halafu, mara nyingi kati ya wiki ya tatu na ya sita, chakula kinapoanza kuongezeka, akiba inajazwa kiasi na maji yanarudi. Mafuta yanatoka mlango wa nyuma, maji yanaingia mlango wa mbele, na mzani unahesabu nyumba ina watu wale wale. Ongeza siku za kukaribia hedhi, ongeza choo kigumu cha mtu anayekula kidogo, na wiki mbili tatu za kusimama ni jambo la kawaida kabisa. Wagonjwa wangu walioniambia hawakusimama hata mara moja, wengi hawakuwa na mzani nyumbani.

Ningeweza kuishia hapo ukalala vizuri. Ila kwenye barua yako kuna neno lililonifanya niirudie mara ya pili: *nashushia*.

Mwaka jana alikuja kliniki mama mmoja wa wiki ya tisa, naye mzani umemgomea. Alibeba chupa ya chai kwenye kikapu. Nilimwomba animiminie kikombe cha uji kama anavyokunywa nyumbani, kisha anieleze ulivyopikwa. Tukatoa mzani mdogo wa jikoni tukaanza kupima mezani, yeye akinitajia na mimi nikimimina: unga gramu 30, kama kilokalori 105. Sukari vijiko viwili vikubwa, gramu 25, kilokalori 100. Tui zito robo kikombe, kilokalori 120 hivi. Jumla 325 kwa kikombe kimoja, na protini ndani yake haizidi gramu nne. Akaniuliza, "Na vikiwa vitatu?" Nikamwachia kalamu. Akaandika 975, akaitazama, akafunika chupa yake.

Mtu wa wiki ya saba kwa kawaida hula jumla ya kilokalori 600 hadi 900 kwa siku nzima. Uji peke yake unaweza kuzidi chakula chote cha siku, tena bila wewe kuhisi, kwa sababu tumbo la slivu hukamata kitu kigumu, si kimiminika. Uji, juisi ya miwa, soda, chai ya maziwa yenye sukari, hata asali ambayo watu wanaiamini haina madhara: vyote vinateremka kwenye utumbo kwa dakika chache na havikushibishi. Soda inaongeza na gesi yake, ambayo hukuumiza bure. Ukila vijiko vitatu vya samaki kisha ukashushia na uji, unasukuma samaki atoke kabla hajakushibisha, na nafasi yake inachukuliwa na sukari. Kushushia nako kunaharibu, si uji peke yake. Kinywaji chochote, yakiwemo maji, kisimame unapoanza kula na kisirudi mpaka dakika 30 baada ya kumaliza.

Simlaumu mama mkwe. Kanuni yake ilitungwa kwa mzazi anayenyonyesha, na kwa huyo ni kanuni nzuri. Hata kwako, wiki mbili za kwanza uji mwepesi uliochujwa ulikuwa na kazi yake. Muda wake umepita. Akitaka kuendelea kukuuguza, na atataka, mpe kazi ya supu ya samaki iliyoenguliwa mafuta, na dagaa. Dagaa hasa. Wachambuliwe vichwa, waoshwe maji matatu mpaka mchanga uishe, wakaangwe kwenye kikaango kikavu mpaka wavunjike kwa vidole, kisha wasagwe wawe unga laini. Kijiko kimoja kikubwa cha unga huo ni gramu tano hivi za protini, na unanyunyizwa kwenye chochote: yai, choroko, supu.

Nasisitiza protini kwa sababu mwili unaokula kidogo hutafuta protini popote, na karibu zaidi ni kwenye misuli yako mwenyewe. Misuli ikipungua, moto wa mwili unapungua, na kushuka kwa uzito kunakuwa kwa kusuasua kweli. Lengo ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Hutazifikia wiki hii. Wengi huzifikia mwezi wa tatu. Lakini angalia ulivyo karibu: yai moja ni gramu sita. Kikombe cha mtindi usiotiwa sukari ni kama saba, na vikombe viwili kwa siku si vingi. Kipande cha samaki aliyechemshwa, ukubwa wa kiberiti, ni kama saba. Kula kimoja mchana, kimoja jioni. Nusu kikombe cha choroko au maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, saba tena. Tia dagaa wako, umefika 46. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta yakikorogwa vijiko vitatu vikubwa ndani ya mtindi au supu yanakuongezea nane. Kama mfuko unaruhusu, unga wa protini wa dukani usio na sukari unaziba pengo lililobaki, ila si lazima.

Kula kwenye kisosi, kwa kijiko cha chai. Protini iende mdomoni kwanza, mboga ifuate, wanga mwisho kama nafasi ipo. Chukua dakika 20 hadi 30. Mwili wako sasa una lugha mpya ya kusema basi: kwikwi moja, kamasi kukuchuruzika ghafla, kupiga chafya, kubanwa chini ya chembe ya moyo. Hiyo ndiyo alama, na kijiko kinachofuata ndicho kitakachorudi na povu. Ugali, wali mkavu, chapati, mkate laini na nyama ya kuchoma ndivyo vinavyokwama zaidi. Viache mpaka mwezi wa tatu, halafu vijaribu kimoja kimoja, nyumbani, si kwenye shughuli ya watu. Maji ni lita moja na nusu au zaidi kwa siku, mafunda madogo madogo tangu unapoamka. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, unadaiwa.

Dawa zako. Diklofenaki acha leo. Yenyewe, ibuprofeni na ndugu zao hutoboa vidonda tumboni, na wewe tumbo ulilobakiwa nalo ni dogo na lina mshono. Magoti yakibana tumia paracetamoli. Yatatulia yenyewe kadiri mzigo unavyopungua. Sindano ya miezi mitatu ni habari nyingine: kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito, na kwako ni jambo la kujadili na muuguzi wa uzazi wa mpango, pengine uhamie kitanzi au kijiti. Lakini usiiache kabla ya kupata mbadala. Uzito unapoanza kushuka, uzazi huamka haraka, hata kwa waliohangaika miaka kutafuta mtoto, na mimba haishauriwi mpaka ipite miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji.

Hukutaja vitamini, na kimya hicho kinanitia wasiwasi. Vidonge vya vitamini mchanganyiko, B12, kalsiamu pamoja na vitamini D, na madini ya chuma kwa mwanamke anayepata hedhi, ni vya maisha. Haviishi na chupa ile waliyokupa hospitali. Kalsiamu na chuma vipishane saa mbili. Na usimeze chuma kwa chai, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ukifika mwezi wa tatu fanya vipimo vya damu: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma), B12, vitamini D, albumini (protini ya kwenye damu), na tezi ya shingo pia, maana ikiwa imezembea ni sababu ya kweli ya kushuka polepole. Rudia mwezi wa sita, mwaka, kisha kila mwaka. Daktari wako yuko ng'ambo ya bahari, kwa hiyo karatasi ya kuruhusiwa uliyopewa itolee nakala tatu na moja ikae kwenye pochi. Daktari atakayekupokea saa nane za usiku lazima ajue ulifanyiwa nini. Nywele zikianza kudondoka mwezi wa tatu au wa nne, usikimbilie mafuta ya miujiza. Mwili ulishtuka, nazo huota tena ndani ya miezi, hasa kwa mwenye protini na chuma cha kutosha.

Hapa sina utani. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, au hata maji yakikataa kushuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kati ya wiki ya nne na ya nane mrija unaweza kujibana kwa kovu, na hilo linatibika. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili tatu tu, na ikiisha huharibu ubongo. Mwambie daktari, au mwenzako amwambie, kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo, na uombe sindano ya B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi. Homa, moyo kwenda mbio umekaa tu, maumivu ya tumbo yanayopanda begani, kuhema kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma: usisubiri kuche.

Kutembea endelea. Kuinua ndoo ya lita 20 bado. Hizo ni kilo 20, muulize kwanza daktari. Wiki hii jaribu kitu kidogo: kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kushika, kaa tena, mara nane, asubuhi na jioni. Ni zoezi dogo linaloiambia misuli ya mapaja kwamba bado inahitajika.

Mzani upande mara moja kwa wiki, Jumamosi kwa mfano, ukitoka msalani, kabla ya chai, sakafu ile ile, kanga ile ile. Katikati ya wiki tumia utepe wa fundi cherehani, uzungushe kitovuni na kwenye makalio, uandike. Nimeona watu wakisimama kilo wiki tatu huku kiuno kikipungua sentimita nne. Ikipita wiki nne kamili, uji umeacha, protini unapata, na kilo wala kiuno havijasogea, hapo ndipo nitataka nikuone na vipimo vyako.

Kuhusu 65, nitakuambia ukweli, hata kama hukuambiwa ulipolipa. Slivu kwa wastani huondoa asilimia 25 hadi 30 ya uzito wa kuanzia ndani ya mwaka hadi mwaka na nusu. Kwako ni kilo 31 hadi 37 kutoka 124, yaani kufika kati ya 87 na 93. Wapo wanaopita hapo, wapo wasiofika, na baadaye zipo sindano za kupunguza uzito, za mara moja kwa wiki, ambazo daktari anaweza kuongeza mtu akikwama mbali. Lakini tazama upande wa pili wa namba hiyo: kwa wiki tisa, ukijumlisha na dayati, umeshatembea karibu nusu ya safari. Mwendo utapungua, kilo mbili, tatu, nne kwa mwezi, na huo ndio mwendo wenyewe. Gauni la harusi ya Desemba lishonwe Novemba mwishoni, na fundi aache pindo la kupunguzia.

Funga za kulipa zisubiri. Sababu ni ya kihesabu: tumbo lako halipokei lita moja na nusu ya maji na gramu 60 za protini kati ya magharibi na alfajiri, huku ukiwa na saa za kulala humo humo, na kuishiwa maji ndiko kunakorudisha wengi hospitali miezi ya mwanzo. Wengi wetu kwenye kazi hii huomba mgonjwa asubiri angalau miezi sita, wengine mwaka mzima, na kwako ningependa nione kwanza majibu ya damu ya mwezi wa sita. Ruhusa ya mgonjwa kuahirisha unaijua kuliko mimi. Sheikh wako atakueleza ya kulipa baadaye. Siku ukiruhusiwa, jaribu siku moja, kisha pumzika mbili, na futari uifungue kwa maji mafunda machache, tende moja, halafu yai. Uji wa futari utakuwa bado unakuangalia mezani, mpitishie shemeji.